Jumamosi Isiyo na Mazishi

Jumamosi hii hakuna aliyekufa.
Nasema polepole, nisije nikasikika.
Tangu Januari shati langu jeusi
halijapata kukauka vizuri kambani;
leo limelala kabatini, limekunja mikono,
nami nimelala hadi saa mbili na nusu
kama mtu mwenye shamba la chai na mameneja.

Hapa Amalemba umande ungali juu ya sukumawiki.
Nimewasha jiko, nikalipepea kwa kifuniko cha ndoo,
nikayeyusha chokoleti na siagi
juu ya maji yanayotokota kwa adabu.
Mayai manne ya kuku wa Kageha,
sukari bila kuhesabu, unga kidogo,
kidogo kweli, usije ukajiona bwana harusi.
Kisha makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
sufuria katikati kama mgonjwa wa homa
aliyefunikwa blanketi mbili.

Wakaja saa nne. Si wageni wa chai,
si wageni wa chamcha.
Mlo huu hatujaupa jina,
si kwa Kimaragoli wala kwa Kiswahili;
ni chai iliyokataa kwenda nyumbani
mpaka chakula cha mchana kikaikuta sebuleni.
Tukala nduma. Tukala mayai na vitunguu,
parachichi na chumvi, tukapumzika, tukala tena.

Brauni nilizileta mwisho, kwenye sinia
lile lenye herufi za ukoo kwa rangi nyekundu,
linalojua njia ya kila boma lenye hema.

Shangazi Mmbone akachungulia, akanishika mkono.
"Pole, mwanangu. Haikuumuka."
Kwa sauti ile ya matanga, ile ya chini:
"Hata ya mke wa mchungaji ilianguka hivi
siku ya askofu. Tutaila tu."
Nikamwambia, Shangazi, hii haikuanguka.
Hii ilizaliwa imekaa.
"Imekaa?"
Imekaa. Kama sisi.

Akamega. Juu pakapasuka kama udongo wa Februari,
chini pakamnata kwenye kaakaa,
akanyamaza. Mmbone, anayejua kusema
hata jeneza likiwa kwenye kamba, akanyamaza,
akaramba kidole gumba mbele ya wajukuu.
"Mbichi," akatangaza mwishowe,
mkono ukifuata cha pili. "Mbichi, lakini ya makusudi."

Asava akavua viatu.
Kageha akaanza kisa cha ndama aliyekula barua ya benki,
akakiacha njiani, akakirudia
alipokumbuka rangi ya ndama.
Hakuna aliyesema programu inatuhimiza.
Hakuna aliyeshika kipaza sauti.

Saa sita na robo simu ikalia.
Mikono ikasimama hewani.
Sote tukaitazama ikitetemeka kando ya birika:
Kadenge, wa kule Mbale.
Shangazi akashusha kikombe,
akaanza kuivuta leso mabegani.
Nikapokea.

"Mmebakisha?" akauliza Kadenge.
"Niwekeeni kipande cha kona,
ndicho kina ugumu kidogo."

Nikacheka mpaka machozi yakatoka,
kisha yakaendelea kutoka kwa shughuli zake yenyewe.
Sufuria ni duara, Kadenge.
Duara halina kona, ndugu yangu.

Mawingu yakarundikana upande wa msitu,
kawaida yao ya saa saba. Hatukuinuka.
Maji mengine yakawekwa jikoni.
Shangazi akakata ukingo, ule ulioungua kidogo,
akatafuta karatasi mkobani,
akapata programu ya mwezi wa nne,
picha ya rangi, tarehe mbili na kistari kati yake.
Akaugeuza ukurasa, akaugeuza tena,
akafunga kipande cha Kadenge, sura ikiwa nje.

"Huyu naye," akasema, akiifuta chembe shavuni mwa picha,
"alipenda vitu vitamu."