Geti

Machi, Rokiškis. Theluji imebaki vipandevipande
kivulini mwa banda la kuni, chafu
kama mkate ulioangukia majivuni.
Mimi dirishani, kisu mkononi, viazi sita kwenye beseni,
na juu ya mtufaa kile kisanduku
alichokipigilia Gintautas mwezi Februari
akisema watakuja, watakuja, utaona.

Mbao zake zilikuwa miimo ya mlango wa zamani,
ile yenye alama za penseli:
Jurgita, miaka minne.
Jurgita, miaka sita na nusu
(nusu hiyo aliililia mpaka tukaiandika).
Nilimwambia asiipige randa. Hakuipiga.
Alama akazigeuzia ndani,
kwa hiyo sasa hakuna azionaye
ila atakayepenya tundu la upana wa yai.

Wa kwanza kufika walikuwa shomoro, wawili,
wenye makelele ya wapangaji wasiolipa kodi.
Walikaa juu ya paa, wakagombana,
wakajisaidia, wakaenda zao.
"Wale si wanunuzi," nikasema,
na Gintautas, mdomo umejaa mkate mweusi,
akacheka kwa pua.

Jumatano akaja kwezi.
Peke yake. Mweusi kwa mbali;
jua lilipomgeuza, zambarau, kijani,
kama mafuta yaliyomwagika dimbwini,
na madoa meupe mgongoni,
utadhani theluji ilimwahi njiani.

Hakuingia. Kwezi si mjinga.
Alikitazama kisanduku kwa jicho la kulia,
kisha, kwa haki, kwa jicho la kushoto.
Akaruka. Akashika ukingo wa tundu kwa kucha.
Akatia kichwa, akakitoa upesi
kama mtu aliyefunua chungu cha jirani akasikia hatua.
Akatia tena. Kichwa, shingo, mabega;
mkia ukabaki nje, ukitetemeka,
ukiwaza.
Nami pumzi nimeibana; ganda la kiazi
linaning'inia kwenye kisu, halidondoki.

Mkia ukaingia.

Kimya. Nikahesabu mpaka kumi na tisa.
Humo gizani, nadhani, alikaa usawa wa miaka minne,
asijue kusoma.
Halafu yakaanza kutoka maranda
aliyomtandikia Gintautas, moja moja,
yakitupwa nje kwa mdomo, kwa dharau kamili.
"Ya msonobari safi!" Gintautas akalalamika.
"Mgeni gani huyu anayechagua?"
"Si mgeni," nikasema. "Anahamia."

Jurgita hupiga simu Jumapili, kutoka Bergen.
Nitamsimulia kuhusu kwezi. Kuhusu miimo, hapana;
hata hajaambiwa kwamba mlango tuliubadilisha.

Leo Ijumaa, asubuhi, nikasikia geti.
Kwiii-ik: ile bawaba iliyotugutusha miaka yote
kila aliporudi mtu.
Nikainuka na kisu changu, aproni imelowa,
nikafika mlangoni kabla ya kukumbuka
kwamba Gintautas aliitia grisi tangu Oktoba.
Geti letu siku hizi ni bubu.

Njiani hapakuwa na mtu.
Juu ya mtufaa, kwezi, koo limevimba,
akalifungua tena geti lile
ambalo limebaki kwake tu,
akalifunga,
akalifungua.