Mia Mbili za Maombi

Waliniita Jumatatu, umande haujakauka,
kabla kamba haijafungwa kwenye mkaratusi.
Vijana saba, magoti mekundu kwa udongo wa Ikolomani,
wakaniambia: Mchungaji Ambetsa, juzi shimo lilikohoa.
Sema na Mungu aushike huu udongo.

Nami nikasema naye.
Nilivua kofia, nikanyosha mkono juu ya tundu
lisilozidi upana wa meza ya chai,
nikasema kwa sauti yangu ya Jumapili:
Bwana, ushike.
Wakaitikia amina, na kutoka chini kule
amina ikarudi imelowa.
Lumbasi akanipa mia mbili, noti mbili zilizokunjwa,
zina tope la jana. Nikapokea.
Siku hizo nilikuwa mtu wa kupokea.

Alhamisi, saa nne, udongo ulishikwa.
Ulishikwa ukashikana,
ukamshika Lumbasi, ukamshika Ingosi na mdogo wake,
ukawashika wanne wengine
nisioweza kuwataja bila kuketi chini.
Tulichimba kwa majembe, kwa karai, kwa kucha.
Jumamosi tukafikia kiatu.

Sasa tazama ugumu wangu:
siwezi kusema hakusikia.
Angekuwa kiziwi ningemsamehe,
kama ninavyomsamehe baba mkwe
anayenijibu "salama" nikimwomba chumvi.
Lakini ombi langu lilifika,
likatimizwa kama lilivyotamkwa.
Au halikufika popote, na udongo ni udongo,
na mvua ya Machi ni mvua.
Usiku nalala upande huu wa wazo,
alfajiri naamkia upande ule,
na pande zote mbili kitanda ni baridi.

Makaburini nilisoma maandiko
kama mtu anayesoma bei ukutani dukani.
Mwenzangu wa Shinyalu akanishika bega:
Kazi ya Mungu haina makosa.
Nilitaka kumuuliza, basi ya nani inayo?
Sikuuliza. Jina nilikuwa nalo tayari.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele
nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu.
Sisi Marafiki tuna desturi ya kunyamaza tukingoja;
mkutano ukadhani nimeitisha kimya.
Wakainamisha vichwa.
Mabati yalikuwa yakitanuka kwa jua, ta, ta,
mtoto akaomba maji, akanyamazishwa,
nami nikabaki nimeshika meza,
nikiogopa waone kwamba singoji mtu.
Baadaye Mama Khavere akanipa mkono kwa machozi:
Leo Roho ameshuka.
Sikumsahihisha. Hilo nalo niliandikie wapi?

Nikazipeleka noti kwa Minayo, mjane wa Lumbasi.
Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.
Hakuinuka. Alizitazama zile noti,
akalitambua tope.
Hizi si zangu, akasema. Wala si zako.
Alimpa Mungu, kwa mkono wako tu.
Mpelekee.
Akatoa jiwe katika maharagwe, akalitupa uani.
Akatoa jingine.

Ndiyo maana mnaniona jioni njia ya machimbo,
mkono mmoja mfukoni.
Khasandi, mke wangu, alifua hili koti:
alizitoa noti, akazianika dirishani, akazirudisha,
asiniulize ni za nini.
Shimo wamelifukia. Mtu amepanda migomba mitatu pale,
na imekubali upesi mno, majani mapana, hayana aibu.
Nasimama kando.
Siombi. Nasema tu, kwa sauti ya mtu wa kawaida:
Nina mzigo wako hapa. Nani wa kuupokea?
Nangoja hadi popo waanze.

Kisha narudi, maana giza limeingia,
na kesho binti ya Musasia ana mtoto wa siku nane;
wamechemsha chai, wameazima viti,
wanataka nimwombee.
Njia nzima natafuta neno jingine,
neno lolote,
lisiwe "mshike."