Picha Iliyotikisika

Barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
baba alipiga picha za vitambulisho:
makarani wa bandari, wakata mkonge,
kila mmoja kakaa wima mbele ya shuka la buluu.
"Usicheke. Kidevu juu. Tayari."
Mkono wake haukuwahi kuyumba.

Isipokuwa hii.

Mama, Mwanakombo, juu ya kile kigoda,
asubuhi aliyoruhusiwa kutoka Bombo
baada ya wiki saba ambazo nyumbani
tulikula bila kuulizana chumvi.
Uso una ukungu. Leso imemwagika kama uji.
Kilichotoka vizuri ni msumari wa ukutani.

Wateja waliiona, wakacheka:
"Semkiwa, hii imekuungulia."
Naye akafuta lenzi isiyo na vumbi.

Miaka ishirini nimeitazama
nikitafuta macho ya mama, siyapati.
Juzi tu, tukihama, nikaielekeza dirishani
nikagundua nilikuwa namtafuta mtu siye.
Aliyemo humo ni baba:
pumzi yake, goti lake likigonga mguu wa kamera,
neno ambalo hakumwambia mbele yetu.

Simu yangu ina akili;
mkono ukitetemeka, inausahihisha.
Jana nimempiga mwanangu akipanda basi la Korogwe,
sanduku la bati kichwani, anaanza bweni.
Kila unywele upo, hata kifungo kilicholegea.

Nimeirudia kuitazama mara tatu.
Mimi simo.