Mkungu wa Mama Aikaeli

Baada ya ibada Kiborloni, mnada wa sadaka:
mkungu wake, ndizi nyembamba kama penseli.
"Huu wa Bwana," nikauliza, "au wa mbuzi?"
Usharika ukaangua kicheko. Naye alicheka,
akikaza upya kanga iliyokwisha kukazwa.
Mkungu ukakosa mnunuzi.

Usiku, zamu yangu kusoma.
Somo likaangukia ulimi na moto:
cheche tu, na msitu hauko.
Watoto wakaitika amina.
Mimi nikatafuta maji.

Alfajiri nikabisha kwake; Kibo kajifunika wingu.
Maneno niliyoyapanga njiani
yaliishia kizingitini.
Akanipakulia mtori
wa ndizi zile zile.
"Nisamehe," nikaliambia bakuli.
"Kula kwanza."

Nikala.
Chumvi ilikuwa imekolea.