Filamu ya Jumamosi

Kibandani kwa Kisoka, Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga,
filamu za vita zimejaa ukuta mzima:
za theluji, za nyambizi, za msituni,
zilizotafsiriwa na jamaa anayecheka mwenyewe kabla bomu halijalipuka.
"Hii wanakufa mia tatu," Kisoka ananisifia,
kama anayeuza dawa ya mende.

Natia kumi kwenye flashi. Elfu mbili.

Baba mkubwa Eliamringi ameshuka kutoka Kibosho
na mkungu wa mshare, na lile goti lake la Mtukula
lisilopatana na baridi.
Kuchagua namwachia yeye.

Ya kwanza: "Buti safi mno. Toa."
Ya pili: "Hawa hawali? Siku ya ngapi hii hawajala?"
Ya tatu mtu anaanguka, muziki unapanda,
naye anageukia dirishani; mlima umejifunika.
"Kule hapakuwa na vinanda."

Ya saba ni mbovu. Giza tupu, picha inakwaruza,
askari wawili wamekaa shimoni, mvua inanyesha,
mmoja anashona kifungo.
Nanyoosha rimoti niiondoe.
"Iache."

Dakika arobaini, hata risasi moja.
Sindano inamponyoka yule askari,
anaipapasa topeni kwa vidole,
na baba mkubwa, chai imeshapoa mkononi,
anasogea ukingoni mwa kochi, anamnong'oneza:
"Iko gotini kwako, Sauli.
Hapo hapo. Gotini."

Jumatatu Kisoka ataniuliza ipi ilikuwa kali.