Miiko ya Shoto

Baba alizaliwa na mkono wa shoto
katika kijiji cha wachonga vijiko, kusini mwa Romania,
ambako mtoto hushika tezo kabla ya kalamu
na mti mweupe wa ukingo wa mto Olt
hupasuliwa ungali na maji yake.

Shuleni, mwalimu Tudosie aliufunga mkono ule
kwa kamba ya kiatu, kwenye mguu wa dawati.
Kuandika kwa huo, alisema, ni mwiko.
Baba akatoka darasa la nne
na mwandiko wa kuku apekuaye jaa
na hasira ndogo, kimya, kama kisu alani.

Soko nalo ni la kulia.
Upawa una mdomo ubavuni, pa kumiminia mchuzi,
na mdomo huo sharti ukae kushoto
ili mkono wa kulia uinamishe tu, basi.
Baba aliyajua haya kama wengine wajuavyo sala.
Miaka arobaini alichonga kwa shoto
vitu ambavyo shoto isingevitumia.
Mama alivipaka mafuta ya jozi, akavifunga kumi kumi.
Bwana misitu alipokuja kuulizia karatasi za gogo
alipewa viwili, vya mcheri,
na karatasi zikasahaulika.

Alitutoka Februari, theluji ikiwa magotini.

Machi tukafagia banda.
Nyuma ya jiko bovu, chini ya gunia la maranda,
vyombo kumi na kimoja:
miiko, pawa, kijiko cha chumvi kisichozidi kidole,
kila chenye mdomo, mdomo wake kulia.
Mama, Zamfira binti wa mchonga mabirika,
akavigeuza, akavigeuza tena.
Alikosea, akasema. Macho yalikuwa yanamtoka.
Shangazi Voica hakuinua hata ufagio:
Mtu hakosei mara kumi na moja.

Jumapili nilivipeleka mjini,
nikavitandaza juu ya blanketi
kati ya muuza vitunguu saumu na kijana wa chaja za simu.
Mama mmoja wa koti la kijani akashika upawa,
akajaribu kumimina, akaguna:
Huu umeharibika. Nusu bei?
Mwingine akauliza kama ni pambo la ukutani.

Kisha msichana wa duka la mkate,
unga mpaka viwikoni,
akaunyanyua bila kufikiri, kwa shoto,
akaniminia hewa kiganjani.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema;
wangu nusura niulambe.
Akapekua pochi. Hela hazikutosha,
au alisema hazikutosha,
akaurudisha polepole juu ya blanketi,
na mimi, mjinga, nikamwacha aende.

Sasa jioni nasonga ugali wa mahindi ya njano,
mamaliga, ndivyo huku tuuitavyo,
katika sufuria ya chuma ya harusi ya Mama.
Mwiko wake wa zamani unaning'inia msumarini,
umelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu:
miaka ishirini na sita ya mkono wa kulia.
Ninashika wa Baba, kwa mkono nisiouzoea.
Ninamwaga. Ninaunguza. Madonge kila mahali,
na Mama anakula bila neno,
anayatema madonge makubwa ukingoni mwa sahani
kwa adabu, kama mbegu za plamu.

Mwiko, alisema mwalimu.
Naam, huu hapa, mwiko,
mpini wake una kibonyeo ambacho dole gumba langu la shoto
lilikikuta gizani, siku umeme ulipokatika,
kana kwamba mtu alipima.

Sijui itachukua miaka mingapi
mpaka ulike upande ule mwingine.