Fidia ya Kisamvu

Mbuzi wa Mize jirani, kisamvu changu kakila,
Kavunja ua pembeni, wa makuti na mitula,
Nikamtia kambani, Konde imekwisha lala,
Nikaapia moyoni: hatoki fidia bila.

Maneno nikayapanga, makali ja pilipili,
Kukicha nafunga kanga, nitoke nimkabili,
Mbuzi alamba kichanga! Mmoja sasa wawili.
Kisamvu nilochokinga, nikamchumia kweli.

Mize mbio akafika, kanga umande yavuja,
Akatazama, kacheka: "Ulimfunga mmoja!
Wa pili, kama wataka, fidia imeshakuja."
Mwaka sasa. Kauruka ua wa Mize. Nangoja.